Feri, Kisutu, Coco Beach au mtaani kwenu: umpeleke wapi mgeni wako kula Dar?

Shangazi aliposhuka basi stendi ya Magufuli pale Mbezi, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizwa kwa nini nimekonda, alisema neno ambalo kila mwenyeji wa Dar amewahi kuambiwa: "Mimi chochote tu, mwanangu. Usijisumbue." Ukiliamini neno hilo umekwisha. Mtu aliyesafiri mchana na usiku kutoka Bukoba hataki chochote tu. Anataka kitu cha kusimulia akirudi, ila hataki isemekane kwamba alikuja kukutia hasara.

Kwa hiyo mwenyeji unabaki na kazi ya kubahatisha, na mimi nimebahatisha vibaya mara nyingi. Nimempeleka baba mkwe mwenye kisukari mahali ambapo kila kinywaji ni sukari tupu. Nimewapeleka vijana waliomaliza kidato cha sita mgahawani kimya kimya, wakashinda wanatazama simu. Shangazi mwenyewe nilimpeleka Feri saa saba mchana akiwa na viatu vya kisigino. Hilo la mwisho nitalieleza. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nauliza swali lisilo lake. Nilijiuliza wapi kuna chakula kitamu, na Dar chakula kitamu kipo kila kona. Cha kuuliza ni mgeni huyu ni nani.

Ya kujiuliza kabla hamjatoka nyumbani

La kwanza, kwao wanakula nini? Mtu wa Kanda ya Ziwa ameshiba sato na sangara tangu utotoni. Ukimwambia unampeleka kula samaki, anadhani unampeleka kula alichokiacha nyumbani. Itabidi umweleze kwamba samaki wa maji ya chumvi ni habari nyingine. Mtu wa Tanga au Pemba, kwa upande wake, pweza hamshangazi hata kidogo.

La pili, miguu na tumbo. Anaweza kusimama nusu saa? Ana presha, ana sukari, ana dawa za kumeza na chakula saa fulani? Wazazi wetu hawasemi. Mchungulie mfuko wa dawa kwa heshima, au muulize mwanawe kwa simu.

La tatu ni choo. Najua halipendezi kuandikwa kwenye habari za chakula, lakini ndilo lililonivunjia matembezi mengi kuliko mengine yote. Mama wa miaka sitini na tano akikuambia "turudi nyumbani sasa" wakati mishkaki ndiyo kwanza inageuzwa, hajachoka.

La nne, saa. Chakula cha Dar kina zamu zake: samaki wa asubuhi, wali wa mchana, nyama ya jioni. Ukikosea zamu utakuta meza tupu.

La tano, mfuko, na nani anautoa. Usimpeleke mgeni mahali ambapo akiona bei ataagiza soda peke yake na kukuambia ameshiba.

La sita ni dini na miiko. Hapo ni kuuliza tu waziwazi, kabla ya kutoka.

Feri: samaki wa asubuhi

Kinacholiwa. Samaki, basi. Changu, kolekole, nguru, jodari, vibua, chewa, kamba, ngisi, pweza. Soko la Feri liko Kivukoni, mlangoni mwa bandari, na uzuri wake ni kwamba mgeni anaiona safari yote ya samaki: mashua zinaingia, mnada unapigwa, mafungu yanapangwa mezani, waparaji wanakwangua magamba, na mwisho kabisa wakaangaji wenye makarai makubwa ya mafuta. Unanunua samaki wako, unalipia kuparuliwa, unalipia kukaangwa, mnakula na ndimu na chumvi na pilipili. Shangazi alisimama mbele ya karai moja kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza, "Hawa hawana tope?" Kwa mtu aliyekulia na samaki wa maji baridi, hilo ni swali la kitaalamu kabisa. Alipoonja changu akasema nyama yake ina chumvi yake yenyewe. Mpaka leo anaisimulia.

Kufika na saa. Basi la mwendokasi linakushusha kituo cha mwisho cha Kivukoni, hatua chache tu kutoka sokoni. Kuegesha gari ni taabu, liache. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, samaki wakiwa bado wanang'aa na jua halijakolea. Kuna jambo moja ambalo watu wa bara hawalijui, nalo linafurahisha kulieleza: dagaa na vibua huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kamili wanaadimika na bei inapanda. Na wakati wa kusi, ule upepo mkali wa katikati ya mwaka unaotoka kusini, bahari ikichafuka mashua ndogo zinapunguza kutoka. Ukimweleza mgeni haya huku akiona mashua kwa macho yake, umempa zaidi ya chakula.

Kukaa na choo. Hapa ndipo Feri inapopoteza alama. Sakafu ni ya maji na magamba, harufu ni ya soko la samaki, watu wanapishana na vikapu kichwani wakipiga kelele ya kuomba njia. Kukaa kwenyewe ni benchi la mkaangaji. Choo kipo, cha kulipia, ila mwandae mgeni kisaikolojia. Viatu ni vya mpira au kandambili. Nilimpeleka shangazi mchana, na viatu vyake vya kanisani, nikamshika mkono kama anayevushwa mto. Kosa langu, na sijasamehewa.

Mfuko. Unaamua wewe. Fungu la vibua linalisha watu wanne kwa hela ndogo. Kamba wakubwa au nguru mzima ni mkoba mwingine. Patana bei ya samaki, ya kuparua na ya kukaanga kila moja kivyake, kabla kisu hakijagusa samaki.

Anayemfaa. Mgeni mwenye miguu na udadisi, mpishi wa familia, mtu wa ziwani anayetaka kulinganisha, kijana anayependa kupiga picha. Ukipata muda ongeza pantoni: kwa shilingi 200 mnavuka kwenda Kigamboni na kurudi tena kwa 200 nyingine, na kwa mtu ambaye hajawahi kupanda chombo cha baharini, zile dakika chache majini zinaweza kuwa kubwa kuliko samaki wenyewe.

Kisutu na mitaa ya katikati ya mji: moshi wa jioni

Kinacholiwa. Hapa ni Dar ya Wahindi, Waarabu na Waswahili iliyochanganyika kwenye sahani moja. Jioni mitaa ya Kisutu, Libya, Jamhuri na ile ya Upanga inawaka majiko: mishkaki, kuku wa kuchoma, mikate ya naan, kababu, bhajia, kachori, sambusa, katlesi. Kuna kuku wa Mamboz, kwenye kona ya barabara ya Morogoro na mtaa wa Libya, ambaye watu wa Dar wanabishana juu yake kama wanavyobishana juu ya Simba na Yanga. Kuna juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Halafu kuna mix.

Mix ndiyo ile ambayo Unguja wanaiita urojo: mchuzi wa manjano, mzito kidogo, mchachu kwa embe au ndimu, ndani yake vipande vya viazi, bhajia, kachori, pengine yai na mshikaki, juu yake chatne ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa. Mimi naweza kula mbili. Ila ni chakula cha kuonjesha kwa tahadhari, maana asiyekizoea anaona vitu vyote vya sahani tano vimetumbukizwa kwenye bakuli moja. Shangazi alichota kijiko kimoja, akanyamaza, akaniuliza kwa sauti ya chini ili mwenye duka asisikie: "Huu uji wamesahau kuweka sukari?" Agizeni moja ya kuonja, ndiyo muamue. Binamu zangu waligombea bakuli.

Kufika na saa. Mwendokasi tena, kituo cha Kisutu. Magari huwa tele hadi jioni, kisha mitaa inapumua. Majiko mengi yanaanza kukolea kuanzia saa kumi na mbili. Ukifika saa tisa utakutana na mtu anayefagia. Mwezi wa Ramadhani mchana huku kunapoa kabisa, lakini ikifika wakati wa kufuturu meza za vitafunio zinakuwa nzuri kuliko miezi mingine yote.

Kukaa na choo. Nusu kwa nusu. Maduka ya chai na migahawa ina viti, meza na sehemu ya kunawa. Majiko ya kona yana viti vya plastiki pembeni mwa barabara na moshi unaofuata mtu mmoja tu mezani, daima yule aliyevaa nguo nzuri. Mgeni akiwa mzee, mwanzie mgahawani. Chef's Pride, mtaa wa Chagga, ni mfano wa mahali pa zamani ambapo mtu anaweza kupata wali wake na mchuzi bila kujaribiwa, wakati wewe unakula cha kwako.

Mfuko. Wa kati. Vitafunio ni bei ya vitafunio, lakini vinahesabika haraka: kababu hapa, juisi pale, kuku nusu, naan mbili. Mara ya mwisho tulikuwa watu wanne tukakaribia shilingi 50,000, na hakuna aliyekumbuka kuagiza vingi.

Anayemfaa. Mgeni anayependa kuonja kidogo kidogo, mwenye meno mazuri na uvumilivu wa pilipili. Kwa familia ya Kiislamu kutoka mkoani ni eneo la amani, halali haina maswali. Mwenye presha au vidonda vya tumbo umwangalie, kwa sababu chumvi, mafuta na pilipili hapa ndio wenyeji, sisi ni wapitaji.

Coco Beach: muhogo na upepo

Niseme ukweli ambao wapenzi wa Coco hawataupenda: chakula cha Coco si sababu ya kwenda Coco. Ni muhogo. Wa kukaanga au wa kuchoma, uliopasuliwa katikati ukatiwa chumvi, pilipili, ndimu na kachumbari. Pia kuna mishkaki, samaki, chipsi, madafu, aiskrimu za watoto. Muhogo wenyewe ni mtamu sana, ule wa kukaanga ukiwa mkavu nje na laini ndani hauna mpinzani. Lakini mgeni wangu wa Bukoba, ambaye ana shamba la mihogo nyuma ya nyumba, aliutazama ule muhogo, akanitazama mimi, akasema, "Nimepanda basi mchana na usiku kuja kula muhogo?"

Dakika kumi baadaye alikuwa amevua viatu, amekunja kanga magotini, anaogopa wimbi na kulikimbilia. Kwa hiyo kinacholiwa hapa, kwa watu wa bara, ni bahari; muhogo ni kisingizio cha kukaa mbele yake.

Kufika na saa. Oysterbay, kando ya Toure Drive. Mwendokasi haufiki, ni daladala za kwenda Masaki na kutembea kidogo, au bajaji, au teksi ya kuita kwa simu. Ukitokea mjini pitieni daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, linalopita juu ya maji, ili matembezi yaanzie ndani ya gari. Saa nzuri ni kumi jioni kuendelea. Jumapili jiji zima lipo hapo: muziki, mipira, watoto waliopotea, foleni ya kutoka. Siku za kazi ni tulivu. Angalia maji pia. Yakipwa mawe na majani ya bahari yanajitokeza, yakijaa usimwachie mtoto mkono.

Kukaa na choo. Viti na meza za wauzaji, mchanga, kivuli cha minazi kwa wanaowahi. Ukikalia kiti cha mtu utaagiza kwake, ndiyo desturi. Vyoo vya kulipia vipo ila si kila mahali, kwa hiyo ulizia kabla hamjaketi, uchague meza kwa kufuata jibu.

Mfuko. Mwepesi kuliko sehemu zote za nje nilizozitaja, mradi mbaki kwenye muhogo na madafu. Mkianza kuagiza samaki wa kuchoma, uliza bei kwanza.

Anayemfaa. Watoto, vijana, wachumba wanaotaka kuzungumza, na mtu yeyote ambaye hajawahi kuona bahari. Pia ni mahali pazuri kwa ndugu mliogombana siku nyingi, maana upepo unaziba mapengo ya maongezi. Mwenye kisukari anapata shida kidogo: muhogo ni wanga, dafu lina utamu wake. Mbebee chakula chake, hakuna atakayekuuliza.

Mtaani kwenu: mama lishe, pweza na chipsi mayai

Hii watu wanaisahau kwa sababu haionekani kama kutembeza mgeni. Kwangu inashindana vizuri na zile tatu.

Kinacholiwa. Inategemea mtaa, lakini ratiba inafanana kuanzia Magomeni hadi Mbagala, Sinza hadi Tabata. Asubuhi supu na chapati. Mchana mama lishe na sinia la wali maharage, ugali dagaa, mchicha wa nazi. Alasiri kijiwe cha kahawa chungu na kashata, ambako mzee akiketi hatoki mpaka magharibi. Jioni chipsi mayai, ndizi za kuchoma, mishkaki, na yule muuza pweza mwenye meza ndogo na taa, anayekata vipande na kukupa kijiti cha kuchomea, na kikombe cha supu ya moto pembeni. Wanaume wa mtaa wana maelezo yao kuhusu supu hiyo. Shangazi aliyasikia akacheka mpaka akatoa machozi. Kwa wanaokula nguruwe, kitimoto na ndizi huwa haviko mbali, na hapo ndipo lile swali la sita linapofanya kazi yake.

Kufika na saa. Ndala na dakika tano. Mvua za masika zikijaza Jangwani na njia ya mjini ikafungwa, hii ndiyo inayobaki.

Kukaa na choo. Choo ni cha nyumbani kwako. Sina la kuongeza.

Mfuko. Mdogo kabisa, na mgeni anauona ni mdogo, kwa hiyo anakula kwa raha. Zaidi ya hayo wauzaji wanakujua. "Huyu ndiye shangazi? Shikamoo mama, karibu Dar," halafu kipande cha pweza cha nyongeza. Nimeona heshima ile ikimgusa mgeni kuliko mgahawa wowote.

Anayemfaa. Mgeni aliyechoka safari, mgonjwa aliyekuja hospitali, mzee, na mtu anayetaka kujua unaishije hasa. Hasara yake ni kwamba haina picha ya kurusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Binamu zako wa miaka kumi na tisa watakuona bahili.

Kwa hali yako

Mgeni ana siku moja tu na miguu yake mizima: Feri asubuhi mapema, pantoni kwenda na kurudi, nyumbani kupumzika, Kisutu jioni. Zote mbili ziko kwenye njia moja ya mwendokasi. Usiongeze Coco siku hiyo.

Ni mzazi mwenye dawa: siku mbili za kwanza mtaani, ya tatu Coco siku ya kazi saa kumi, mkiwa mmekula nyumbani. Mjini mpeleke mgahawani kwenye viti, na umwagizie asichokijua kwa sahani yako, si yake.

Mna watoto watatu na hela ya mawazo: Coco, na chupa za maji kutoka nyumbani.

Ni vijana: Kisutu usiku, na muwaache waagize wenyewe.

Ni mtu wa pwani, Tanga au Kilwa au Visiwani: Feri itamchosha, Coco itamkumbusha kwao. Mwonyeshe moshi wa Kisutu, au chipsi mayai za mtaani saa nne usiku, maana huo ndio upande wa Dar asio nao.

Mvua inanyesha: mtaani, bila mjadala.

Na kama anarudi bara kwa basi, mwendeeni Feri siku moja kabla, mkaangiwe nguru mpaka akauke sawasawa, apoe, afungwe kwenye karatasi na si mfuko wa nailoni, asije akavunda. Shangazi alifika naye Bukoba salama. Amenipigia simu juzi kuuliza kama mbalamwezi imepita.